Mama Alisema Ngoja

Walionifuata tangu mwanzo wanajua kwamba mimi, Osmund wa Mkumbi, ndiye niliyezungusha hendeli ya mashine ya kahawa siku ile mkono wa kaka yangu ulipokuwa ndani. Anayeanza leo nitamweleza kwa maneno machache, maana kidonda hiki sipendi kukifunua zaidi ya inavyolazimu.

Mwaka 1938 baba yetu, Mzee Urbani, alishirikiana na majirani wanne wakanunua mashine ya kumenyea kahawa. Ilipanda kutoka Mbamba Bay vichwani mwa wapagazi, vipande vipande. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na mimi ndiye niliyeviunganisha vile vipande mpaka vikawa mashine. Tangu siku baba aliponipeleka ziwani kununua dagaa nikaona meli ya moshi, sikutaka kuwa kitu kingine duniani ila fundi wa mitambo melini.

Kaka yangu Tarsisi alikuwa na miaka kumi na saba, yuko likizo kutoka seminari. Yeye alikuwa wa altare. Tulipokuwa wadogo alisoma misa nyuma ya ghala la mahindi kwa vipande vya kiazi kitamu, nami niligonga jembe kwa jiwe badala ya kengele.

Mama akataka mashine ibarikiwe kabla haijaanza kazi. Padre alikuwa safarini vigangoni.

"Si tunaye padre wetu hapa?" mama akasema.

Mseminari wa miaka kumi na saba hana ruhusa ya kubariki hata kuku, lakini nani angembishia mama yangu? Watu wakapiga magoti. Tarsisi akachovya vidole katika maji ya baraka, akaingiza mkono katika mdomo wa mashine ili afanye alama ya msalaba mle ndani, kwenye meno yake. Mbuzi alikuwa amekwisha kuchinjwa kwa heshima yake. Mimi nilisimama kwenye hendeli, mikono imejaa grisi, na hakuna aliyeuliza ni nani aliyeifunga mashine ile.

Mama akasema, "Ngoja, Osmund, hajamaliza."

Nikasikia. Nikazungusha.

Watu wote waliamini kwamba sikusikia. Sista wa zahanati alikikata kidole cha shahada na nusu ya gumba, mkono wa kuume. Kwa vidole hivyo viwili padre huushika Mwili wa Bwana. Asiye navyo hapewi upadre. Hiyo ndiyo sheria tuliyosomewa, na mama aliisikiliza akiwa amefunika uso kwa kanga.

Kaka akashuka ziwani, akaajiriwa kuchochea moto melini. Mimi nikamwapia Mungu kwamba sitagusa mashine tena, nikawa mpiga kengele wa kigango chetu, kisha msaidizi wa katekista. Hivyo yeye akaishi ndoto yangu, nami nikashika pindo la ndoto yake.

Sasa niendelee na ya mwaka 1952.

Mwaka ule nilikuwa nimeingia darasa la jioni la watu wazima, maana sala na nyimbo zote nilizijua kwa moyo, lakini kusoma nilisoma kwa kubahatisha. Mwalimu wetu, Raimundi, kijana mpole, alitupa insha yetu ya kwanza: utotoni ulitaka kuwa nani, na sasa ni nani.

Mzee Aloisi akasimama kwanza. "Mimi nilitaka kuwa askari, niamrishe watu."

"Na sasa, mzee?"

"Sasa nimeoa. Naamrishwa mimi."

Darasa likaangua kicheko. Mama Gertruda naye akasimama na kibao chake cha kuandikia. "Mimi nilitaka kuwa sista."

"Na sasa?"

"Wajukuu tisa," akasema, akaketi, na safari hii hata mwalimu alicheka mpaka akafuta machozi.

Ikafika zamu yangu. Mwalimu akakisoma kibao changu mara mbili. "Bwana Osmund, umeandika kwamba ulitaka kuwa fundi wa meli. Umeishia hapo. Sasa ni nani, mbona hujaandika?"

"Nusu iliyobaki, mwalimu, iko kwa mtu mwingine."

Alidhani ni mzaha. Nilitoka pale nikiomba njia nzima: Bwana, nipe kinywa cha kumwambia kaka.

Maana kulikuwa na jambo ambalo nyumbani hakuna aliyelijua. Miaka miwili nyuma, nilipokwisha kuungama, nilimfuata Padre Wendelin nje ya kiti cha maungamo, nikamweleza yote tena kwa hiari yangu ili aweze kuyatumia, maana ya maungamoni ni siri. Aliandika kwa Askofu, na Askofu akaandika Roma, kuomba kwamba Tarsisi asamehewe upungufu wa vidole, kwa kuwa aliumizwa na kosa la mwingine. Tangu hapo kimya. Miaka miwili, hakuna jibu.

Mwezi wa tatu kaka akapata likizo, akapanda kutoka ziwani kutusaidia shamba. Baba alikuwa amefariki miaka miwili kabla, na mama alikuwa amebaki na miteremko miwili na magoti yanayouma.

"Shikamoo, kaka," nilimwambia nilipompokea mzigo.

"Marahaba, mzee wa kengele. Bado unawaamsha watu alfajiri?"

"Wewe inakuhusu nini? Uko ziwani."

"Hata huko naisikia. Nageukia upande wa pili."

Kesho yake tukaenda kutengeneza ngoro. Kwetu Umatengoni kazi hiyo imegawanywa tangu mababu: wanaume hufyeka nyasi, wakazipanga chini miraba miraba, na wanawake huja nyuma kuchimba katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo, mpaka mteremko mzima unakuwa mashimo, na mvua haiwezi kuiba udongo wa mtu. Mama alikuwa juu yetu, mbali kidogo, anachimba. Kila shimo alilisalia Salamu Maria moja. Tulimwona midomo ikicheza, lakini sauti haikutufikia.

Kaka alipanga nyasi kwa mkono wa vidole vitatu na nusu, haraka kuliko mimi.

"We katekista," akanitania, "mistari yako imepinda kama njia ya Mbamba Bay."

Sikucheka. Niliweka nyasi chini.

"Kaka, siku ya mashine, mama aliposema ngoja, mimi nilisikia."

Akaendelea kupanga.

"Nilisikia vizuri kabisa," nikasema. "Nilikuwa na wivu. Mbuzi wako, magoti ya watu, yote yako. Mimi ndiye niliyeifunga mashine. Nikazungusha. Wewe hukunikosea kitu, nami nimekunyima upadre, na nimenyamaza miaka kumi na minne."

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Kwamba ulisikia. Ulimtazama mama kwanza, ndipo ukazungusha."

"Mbona hukusema?"

Alinyoosha mgongo, akatazama juu alipokuwa mama. Jembe lilikuwa linapanda na kushuka.

"Kwa sababu mimi nami nilikuwa nakutazama wewe."

"Sikuelewi."

"Ile hendeli ilikuwa nzito, Osmund. Kahawa haikuwamo, lakini grisi ilikuwa mpya. Ilianza kupanda polepole. Niliiona. Mkono ukitaka kutoka, unatoka. Wangu sikuutoa."

"Uliogopa, ukaganda."

"Ndivyo nilivyojiambia mwaka wa kwanza." Alichukua kitita kingine cha nyasi, akakishika tu bila kukipanga. "Kule seminari nilikuwa napiga magoti kila alfajiri namwomba Mungu aniite. Hakuniita. Aliyeniita ni mama. Alizika watoto watatu kabla yangu, akaweka nadhiri kwamba wa nne akipona ni wa altare. Ningerudije nyumbani kumwambia kwamba sina wito? Mseminari aliyerudi huaibisha ukoo mzima. Lakini kilema watu humhurumia. Nikaona hendeli inapanda, nikasema moyoni, na iwe."

Nilitaka kumpiga. Mungu anisamehe, nilikunja ngumi kabisa.

"Miaka kumi na minne!" nikasema. "Watu wananiletea cherehani mbovu nawafukuza. Padre aliniomba niitazame saa ya kanisa, nikakataa, nikamwambia sijui. Nilikuwa nafanya kitubio kwa ajili yako!"

"Sikujua kwamba umeacha mitambo kwa ajili hiyo. Nilidhani umependa kanisa."

"Nimelipenda baadaye."

"Basi kuna mmoja wetu aliyependa," akasema taratibu. "Nikwambie? Kule chini melini nikifungua mlango wa tanuri naimba. Fundi mkuu amenifundisha vali zote za mvuke. Na kila vali mpya ninayoijua, nasema, hii ilikuwa ya Osmund."

Wasomaji, kuna maneno ya upole yanayoumiza kuliko tusi. Nilikaa chini kwenye ukingo wa shimo. Nikajaribu kusali Baba Yetu, nikafika "utusamehe makosa yetu", nikashindwa kuvuka. Sikujua tena yalikuwa makosa ya nani.

Kaka akachutama karibu nami. "Ngoja nimalize yote. Nimekuja kwa jambo jingine. Kuna mtu pale bandarini, anaitwa Ephrasia. Binti wa Kinyasa, wazazi wake ni wa kanisa la Waingereza, lakini yeye yuko tayari kufundishwa. Nataka kuoa. Jioni ya leo namwambia mama, awaombe wajomba wapeleke posa."

"Mama hatakubali."

"Kwa nini? Mimi ni kilema wa miaka thelathini na mmoja. Bado ananingojea nini?"

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Chini ya kitanda cha mama kulikuwa na sanduku la bati, na ndani ya sanduku alba, ile kanzu nyeupe ndefu ya misa, aliyoishona mwenyewe mwaka 1938 kwa ajili ya mwanawe. Kila Pasaka aliitoa, akaifua, akaianika, akaikunja tena. Kaka hakujua. Na ya barua pia hakujua.

"Kaka," nikasema, "sikiliza. Kuna jambo nililifanya miaka miwili iliyopita..."

Pikipiki ikanguruma barabarani chini ya shamba.

Mama alikuwa wa kwanza kuitambua. "Padre huyo!" akapiga kelele kutoka juu, akatupa jembe, akaanza kushuka kati ya mashimo kama msichana.

Padre Wendelin alipanda mteremko akihema, kanzu ameishika mkononi isiguse tope. Ametumika kwetu miaka ishirini na sita, na Kimatengo anakijua kuliko watoto wetu wa shule. Mkono wa pili alishika bahasha kubwa yenye lakiri nyekundu.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina," tukaitikia.

"Mama Bonifasia, keti kwanza."

"Siketi, Padre. Nimezika mume na watoto watatu nikiwa nimesimama. Sema."

Padre akacheka, na macho yake yalikuwa na maji. "Basi sikiliza. Roma imejibu. Wako tayari kumruhusu Tarsisi arudi seminari. Umri wake si kikwazo. Atashika Hostia kwa nusu ya gumba na kidole cha kati."

Mama hakupiga kigelegele kama nilivyotazamia. Alishuka magoti ndani ya shimo alilokuwa amelichimba yeye mwenyewe, akaweka paji la uso kwenye udongo, akakaa hivyo. Kisha akainuka bila neno, akakimbilia nyumbani. Mama wa magoti yanayouma, akakimbia.

Tarsisi akanigeukia. "Ni wewe?"

"Nilitaka kukurudishia," nikasema. "Sikujua."

"Padre," kaka akaanza, "mimi..."

Lakini mama alikwisha kurudi. Nyumba yetu haiko mbali na shamba. Alikuwa na alba mikononi, nyeupe kama unga, na mikunjo ya miaka kumi na minne haikutaka kunyooka. Akaiweka kifuani pa mwanawe, juu ya shati lenye jasho, akapima mabega.

"Umenenepa," akasema. "Nitaitoa upindo, tena leo hii."

Nilimwona kaka akimeza yale maneno kama mtu anayemeza mwiba wa samaki, huku mkono wake mbovu ameuficha nyuma.

"Limebaki jambo moja," Padre akasema, akafungua bahasha. "Wanataka tamko la kiapo la shahidi aliyekuwa karibu kabisa. Ni Osmund, kwa maana ushahidi wake ndio ulioanzisha barua hii."

"Ushahidi gani?" mama akauliza.

Padre akanitazama. Hakuwa na haki ya kulisema kwa mama yangu, nami nilijua.

Nikavua kofia. "Mama, siku ile uliposema ngoja, nilisikia."

Alinitazama muda mrefu. Udongo ulikuwa umemganda kwenye paji la uso. Siku ya hukumu sidhani nitatazamwa hivyo.

"Nilikuzaa na masikio mazima," akasema mwishowe. "Hata mimi nilijiuliza." Kisha akanivuta kichwa, akakiweka begani pake. "Yamekwisha, baba. Mungu ameyageuza. Kaka yako anarudi altareni, basi yamekwisha."

Msamaha huo niliulilia miaka kumi na minne mbele ya msalaba. Ulikuja kwa pumzi moja, na nikaujua ulivyo: ulisimama juu ya mguu mmoja, na mguu huo ulikuwa uongo.

Padre alipindua kikapu cha mbegu, akaweka juu yake Injili, juu ya Injili karatasi. Akanipa kalamu yake ya wino.

"Ningeandika mimi, wewe utie dole gumba," akasema, "lakini Mwalimu Raimundi ameniambia sasa unaandika mwenyewe. Roma watafurahi. Swali ni moja. Je, Tarsisi mwenyewe alitaka, au aliacha kwa makusudi, mkono wake uumie? Mtu aliyejiumiza kwa hiari yake, Kanisa halimpandishi altareni. Andika ndiyo au siyo, kisha jina lako. Na ukumbuke, unaandika juu ya Injili."

Nikapiga magoti mbele ya kikapu. Maneno mawili tu, yote mawili mafupi. Yote mawili nilikwisha kujifunza kuyaandika katika wiki ya kwanza ya darasa la jioni.

Nikiandika siyo, nimeapa uongo juu ya kitabu cha Mungu, na Ephrasia anangoja bandarini mtu asiyekuja. Nikiandika ndiyo, mama ataikunja ile alba mara ya mwisho, na atajua kwamba mwanawe aliona afadhali kukatwa vidole kuliko kumwambia yeye kwamba hana wito.

Nikainua macho. Tarsisi alikuwa amesimama na alba kifuani, haishiki, mama ndiye aliyeishika. Alinitazama kama siku ile, kutoka upande wa pili wa mashine. Aliiona kalamu inakwenda. Alikuwa na nafasi ya kusema. Hakusema.

"Bikira Maria," nikaomba, "wewe pia ulikuwa mama."

Nikaweka ncha ya kalamu kwenye karatasi.

Mama akanigusa bega. Mkono wake ulikuwa mwepesi, wa furaha, mkono niliousahau tangu utotoni.

"Usingoje, mwanangu," akasema. "Andika."

Wino ukaanza kuenea palepale ncha iliposimama, doa dogo jeusi linalokua polepole. Padre akasafisha koo. Kaka akavuta pumzi.

Nilimsikia mama vizuri kabisa. Na safari hii nikangoja.